Bi Chausiku na Neno "Au"

Katika nchi moja ambayo haitajwi hapa kwa kuwa jina lake bado linasubiri kibali cha kutajwa, dada wa Rais alinunua nyumba isiyokuwa na nyuma. Mbele yake ilikuwa nzuri mno: baraza yenye nguzo, mlango wa kuchonga, madirisha yenye mapazia ya hariri. Dada wa Rais aliiona akiwa ndani ya gari, akaipenda, akainunua. Siku ya kuhamia akafungua mlango, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia kama alivyofundishwa na bibi yake, akajikuta amesimama katika shamba la mihogo la mtu mwingine.

Nchi isiyo na ustaarabu ingemkamata dalali aliyeiuza. Lakini dalali yule alikuwa shemeji ya Mkuu wa Polisi, na kukamata mashemeji ni kuvunja undugu, jambo ambalo viongozi wa huko hawalivumilii kabisa. Ikaonekana basi kwamba kosa si la dalali mmoja bali la madalali wote, na dawa ya kosa la wote ni sheria. Bunge likaketi, likala, likapitisha. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: nyumba yoyote itauzwa au kupangishwa kupitia kwa dalali tu, na dalali huyo sharti awe na shahada ya chuo kikuu au cheo cha kitaaluma.

Wabunge walipiga meza hadi glasi zikamwagika. Hakuna aliyeona kwamba kati ya shahada na cheo limekaa neno dogo la herufi mbili, limejikunyata kama kunguni kwenye kitanda cha wageni.

Bi Chausiku Mtambo alisikia habari hizo redioni akiwa anakuna nazi. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu, na kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba katika mtaa wa Makuti Mapya. Hakuwa malaika. Chumba cha joto alikiita "chenye jua la kutosha," na nyumba iliyopakana na dampo aliisifu kwamba upande mmoja haina majirani wa kusumbua. Lakini nyumba zake zote zilikuwa na nyuma.

Sheria isingemuuma sana kama si Kondo.

Kondo alikuwa mkwewe. Kijana mrefu, mpole, mpiga tarumbeta wa bendi ya Zimamoto. Zimamoto ya nchi hiyo haikuwa na maji, ila ilikuwa na bendi ya kutajika. Nyumba ya mtu ikishika moto, bendi hufika haraka na kumpigia nyimbo za kumfariji. Kondo alikuwa amemuoa Sikudhani, binti wa pekee wa Bi Chausiku, wiki ileile sheria ilipopita. Maharusi walishakubaliana wapange nyumba ndogo iliyotazamana na ya mama, ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba aliishi mbali, mikoani, na alimwachia Bi Chausiku ufunguo na neno moja tu: "Mpangishe unayemwona ana adabu."

Nyumba ilikuwa tupu. Ufunguo ulikuwepo. Adabu ya Kondo ilikuwa ya kupindukia. Lakini kumkabidhi ufunguo sasa kulikuwa ni kupangisha, na kupangisha bila sifa kulikuwa ni jela. Basi maharusi wakahamia sebuleni kwa mama mkwe.

Anayejua maana ya mkwe hahitaji kuelezwa, na asiyejua aombe Mungu asijue kwa njia hii. Kondo hakuweza kumtazama Bi Chausiku usoni, na Bi Chausiku hakuweza kupita alipolala Kondo. Mama akitaka kutoka chumbani, anakohoa. Kondo akitaka kwenda msalani, anakohoa. Nyumba ikawa ya kukohoa kutwa kucha mpaka majirani wakaleta majani ya mkaratusi ya kujifukizia. Kondo alikula akiwa ameelekea ukutani. Tarumbeta alijifunzia kwenye banda la kuku, na kuku wakaacha kutaga.

"Mama," Sikudhani akamwambia siku moja wakichambua mchele, "Kondo amepungua. Anasema hata kumeza anaona haya. Anasema usikivu wako ni mzuri sana."

"Kwani mimi namsikiliza?"

"Ndivyo anavyosema. Anasema unasikia kwa heshima."

Bi Chausiku aliendelea kuchambua mchele, lakini sasa alikuwa anatupa mchele na kubakisha mawe.

Mjini mambo yalikuwa hivyohivyo. Kwa kuwa hakuna aliyejua dalali yupi hasa ana sifa, kila nyumba iliyoachwa wazi ilibaki wazi. Familia ziliketi juu ya magodoro yao mbele ya nyumba tupu, na askari walisimama milangoni kuhakikisha hakuna anayeingia. Gazeti la serikali liliandika kwamba mahitaji ya nyumba yamepanda kuliko wakati wowote katika historia, na likawapongeza wananchi kwa ukuaji huo wa uchumi.

Ndipo vita vya "au" vikaanza.

Waziri wa Elimu ya Juu, Profesa Mapambano Kidunda, alihutubia taifa redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "sheria imetaja shahada. Kilichofuata baada ya hapo ni pambo la lugha, kama ushanga shingoni. Unapendeza, lakini hauna kazi. Kupangisha nyumba bila shahada ni sawa na kumpasua mgonjwa kwa kijiko."

Jioni yake alijibiwa na Mheshimiwa Fidelis Kabambe, Rais wa Chama cha Waliobobea katika Mali Isiyohamishika. Kabambe alikuwa na herufi nyingi sana nyuma ya jina lake, kila moja ikiwa ni cheo cha chama hicho. Mtangazaji alipomaliza kumtambulisha, muda wa kipindi ulikuwa umebaki kidogo tu. "Ukiambiwa uchague ugali au biriani," alisema Kabambe, "hakuna mwenye akili anayechagua ugali. Kizuri hutajwa mwisho. Sheria imemalizia na cheo cha kitaaluma. Profesa asome mpaka mwisho, kama bado anakumbuka kusoma."

Bunge likaunda Kamati Teule ya Kuchunguza Neno "Au." Kamati ikafunga safari kwenda nchi za baridi kuona jinsi wenzetu wanavyolitumia.

Bi Chausiku hakungoja kamati. Alivaa doti yake mpya ya kanga akaenda chuo kikuu.

Idara ya Mali Isiyohamishika ilikuwa inafundishia kwenye turubai, kwa sababu ilikosa dalali wa kuipangishia jengo. Mhadhiri, Dakta Sekulu, alikuwa mtu mwembamba wa miwani aliyefundisha habari za nyumba tangu ujana wake huku akiishi kwa dada yake. Siku hiyo somo lilikuwa "Nyumba ni Nini?" Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba nyumba ni kuta na paa. Dakta akamtazama kwa huruma.

"Paa ni mwaka wa tatu," alisema. "Usiruke hatua."

Bi Chausiku akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Mtu akitaka kumpangisha mkwewe kinyumba cha jirani, mkataba wake unaandikwaje?"

Turubai zima likageuka kumtazama. Dakta Sekulu akavua miwani, akaifuta.

"Mama, hayo ni ya vitendo. Vitendo havina mtihani, na kisicho na mtihani hakifundishiki. Wewe soma kwanza Falsafa ya Ukuta, halafu Historia ya Mlango, halafu mwaka wa nne utaandika tasnifu."

"Mwaka wa nne mkwe wangu atakuwa amekufa kwa aibu."

"Hilo," akasema Dakta akianza kuandika, "lingekuwa mada nzuri ya tasnifu."

Kesho yake Bi Chausiku alikwenda upande wa pili, kwenye semina ya chama cha Kabambe. Hiyo ilifanyika hotelini, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali hivi kwamba washiriki walitahiniwa wakitetemeka. Palikuwa na chai, sambusa, chai tena, kisha hotuba. Walifundishwa kushikana mikono na mteja bila kumwachia mpaka akubali. Walifundishwa kutamka vyeo vyao wenyewe bila kupumua. Mshiriki mmoja aliyekuwa amefika ngazi ya Mbobezi Mbobevu aliinuka akaonyesha kibao chake cha mlangoni, ambacho kilikuwa kipana kuliko mlango, hivyo aliingia ofisini kwake kwa dirisha.

Wakati wa maswali Bi Chausiku akauliza lilelile la mkataba.

Kabambe mwenyewe alikuwepo. Alitabasamu kwa upole mkubwa. "Mama yangu, mikataba ni nadharia. Nadharia nenda chuo. Hapa tunashughulika na hadhi."

"Na mtu akishapata hadhi, mkataba anaandikiwa na nani?"

"Mtu mwenye hadhi, mama, haulizwi mkataba."

Akarudi nyumbani kichwa kikimuuma. Alimkuta Sikudhani ameketi kizingitini, macho mekundu. Ndani, Kondo alikuwa anakunja shati lake la bendi.

"Anarudi bwenini kwa wenzake wa bendi," alisema Sikudhani. "Anasema ananipenda, ila nyumba hii inamkaba roho. Leo umetoka bafuni bila kukohoa, mama. Alijificha nyuma ya kabati tangu saa hiyo mpaka ulipoondoka."

Bi Chausiku alisimama pale barabarani. Mbele yake ilikuwa nyumba tupu, askari kaketi mlangoni pake anakula miwa. Nyuma yake ilikuwa ndoa ya mwanawe, bado changa, inakunjwa pamoja na shati. Aliona uchungu wa aina mpya. Aliwahi kumzika mume, aliwahi kufukuzwa na wateja, lakini alikuwa hajawahi kushindwa na neno dogo kiasi kile.

"Mwambie asiende," alisema. "Anisubirie kidogo tu. Ya chuo ni marefu. Nitachukua hizi herufi."

"Ni elimu gani hiyo mama, ya kula sambusa?"

"Mwanangu, nchi ikikwambia uchague kati ya pishi ya maneno na kibaba cha vyeo, chagua kinachoiva upesi."

Akahudhuria semina, akatetemeka, akashika mikono ya watu. Mwishowe akatunukiwa cheo cha Mbobezi Mtarajiwa wa Kuta, na ruhusa ya kuandika M.M.K. nyuma ya jina. Alirudi akiwa amevaa beji kifuani. Kondo, aliyekuwa ameahirisha safari kwa ajili ya machozi ya mkewe, alitoka kwenye banda la kuku. Bi Chausiku akatungua ufunguo ukutani, akavuka barabara, na vijana wakamfuata na godoro lao. Alikuwa anautia ufunguo kwenye kitasa pale mkaguzi wa wizara alipoteremka kwenye baiskeli.

"Mama, una shahada?"

"Nina cheo cha kitaaluma. Sheria inasema shahada au cheo."

"Ndiyo. Ila kamati imerudi." Mkaguzi alikuwa amevaa koti la baridi, zawadi kutoka kwa mjumbe mmojawapo, na jasho lilimtiririka. "Imegundua kwamba huko kwa wenzetu, mtu akiulizwa anataka chai au kahawa, huletewa vyote. Kwa hiyo 'au' maana yake ni 'na.' Sasa unatakiwa uwe navyo vyote viwili."

"Nani aliyeletewa vyote?"

"Mwenyekiti wa kamati. Hotelini."

Godoro likarudi ng'ambo ya barabara. Kondo ndiye aliyelibeba. Usoni mwake Bi Chausiku aliona, kwa mara ya kwanza kwa sababu kijana alisahau kuinamisha kichwa, kwamba alikuwa amechoka kabisa. Ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angemlaumu.

Basi hapo ndipo siasa, ambayo siku zote huwakanyaga watu kwa makusudi, ilipowasaidia kwa bahati mbaya.

Keshokutwa yake Rais alipangua Baraza la Mawaziri. Tangazo lilisomwa mchana: Profesa Kidunda ametumika vya kutosha, na nafasi yake inachukuliwa na Mheshimiwa Fidelis Kabambe, kuanzia jua litakapozama. Kabambe hakungoja machweo. Alasiri alishafika kwenye nyumba ya serikali aliyokuwa akikaa Profesa, akapanda ngazi, akaanza kutundika mapazia yake, huku mke wa Profesa bado anafungasha sufuria.

Lori lilizunguka mjini na vyombo vya Profesa. Kila nyumba tupu waliyofika ilikuwa na askari, na kila dalali alikuwa na shahada bila cheo, au cheo bila shahada, au hana hata kimoja. Jua lilikuwa limeanza kuelemea magharibi lori liliposimama Makuti Mapya. Profesa akateremka akiwa amevaa suti, akamkuta Bi Chausiku mlangoni kwake. Mkewe alibaki mbele pamoja na dereva, amepakata saa ya ukutani.

"Wewe ndiye dalali?" aliuliza Profesa.

"Nilikuwa, Mheshimiwa. Sasa ni Mbobezi Mtarajiwa."

"Nyumba ile ufunguo wake unao?"

"Ninao."

"Nipangishe."

"Ningefurahi sana. Ila shahada sina, na wewe mwenyewe ulisema kupangisha bila shahada ni kumpasua mgonjwa kwa kijiko."

Profesa akakohoa. Nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa imezoea kukohoa, na Kondo aliyekuwa ndani akadhani anaitwa, akachungulia.

"Nilisema hivyo?"

"Kwa Kiswahili fasaha kabisa."

Dereva wa lori akapiga honi. Mke wa Profesa akatoa kichwa dirishani. "Baba Neema," alisema, "si wewe bado waziri mpaka magharibi? Mtunuku mama wa watu hiyo shahada tupate pa kulaza mgongo."

Profesa akalitazama jua, kisha akamtazama Bi Chausiku, kisha akapanda mwenyewe nyuma ya lori kutafuta joho. Alilikuta limefungiwa vikombe. Kanuni za vyuo vikuu, alieleza akilikung'uta, zinamruhusu waziri kutunuku shahada ya heshima popote panapofaa, ila kuna masharti: joho, hotuba, na muziki wa matarumbeta. Bila tarumbeta shahada ni karatasi tu.

"Tarumbeta tunalo," alisema Bi Chausiku.

Kwa hiyo Bi Chausiku Mtambo alihitimu chuo kikuu barabarani, kati ya banda la kuku na lori, amevaa joho lililonukia sabuni ya vyombo. Kondo alipiga wimbo ambao bendi ya Zimamoto huupiga paa linapoanguka, kwa sababu ndio mzuri kuliko zote. Aliupiga akiwa amempa mama mkwe mgongo, kwa heshima. Profesa akaanza hotuba juu ya mchango wa elimu katika ustawi wa binadamu tangu enzi za mapango, mkewe akamwambia kwamba mapango hayo watayalala wao asipofupisha, akafupisha. Majirani walisimama mabarazani. Wengine walicheka. Bi Chausiku alijua fika kwamba ni upuuzi, kama zilivyokuwa upuuzi zile herufi za kifuani, na bado machozi yalimtoka. Alijifuta kwa joho. Aliwaza kuwa marehemu mumewe angelipenda hilo vazi.

"Hongera, msomi," alisema Profesa. "Sasa ufunguo."

Bi Chausiku akavuka barabara. Askari wa miwa, aliyeona sherehe yote kwa macho yake, alisimama akampigia saluti. Akafungua mlango, akautoa ufunguo kitasani, akageuka.

"Kondo, mwanangu. Njoo upokee."

Kondo akaja, tarumbeta kwapani, akapokea kwa mikono miwili macho yakiwa chini. Sikudhani alikuwa tayari amelishika godoro.

"Vipi tena, mama?" Profesa aliuliza. "Tulikubaliana."

"Hawa wametangulia kuomba, Mheshimiwa. Msomi hapindishi foleni."

"Lakini mimi ni Waziri."

Mkewe alitazama magharibi, ambako juu ya mapaa ya mtaa palikuwa pamebaki wekundu tu. "Ulikuwa," alisema, akaanza kuteremka na saa yake ya ukutani.

Bi Chausiku hakuwa na moyo wa kuwaacha watu njiani. Sheria iligusa kuuza na kupangisha; kukaribisha mgeni ilikuwa imesahau. Akawatandikia sebuleni, akawapikia wali na kisamvu. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu harusi, aliingia na kutoka chumbani mwake bila kukohoa. Kutoka ng'ambo alisikia tarumbeta likipigwa ndani ya nyumba, kwa nguvu, na mtu akicheka.

Kulipokucha Waziri Kabambe alitangaza kwamba shahada zote za heshima zimefutwa na vyeo vyote vya kitaaluma vimepandishwa ngazi. Kwa tangazo hilo Bi Chausiku alipoteza usomi wake kabla ya kifungua kinywa, na hapohapo akawa Mbobezi Kamili, akaendelea kumenya mihogo. Mkataba wa Kondo haukuguswa na mtu. Ulikuwa na sentensi moja: wakae kwa adabu.

Siku ya kwanza Profesa alikuwa mgeni, akala. Siku ya pili alikuwa mgeni, akala, akatoa mhadhara mfupi kuhusu kisamvu. Siku ya tatu, mkewe akiwa uani tayari anapepeta mchele, Bi Chausiku alimpelekea Profesa chai, na alipomaliza kuinywa akamkabidhi jembe.

Profesa aliligeuza huku na huku kwa muda mrefu.

"Lina mafunzo yake?" akauliza.

"Yapo," alisema Bi Chausiku. "Yanaanzia pale penye mchicha."